Birika la Soketi Mbili

Nilitengeneza birika la stima la lita sitini kwa sababu ya wivu. Watu wakiniuliza huwa nasema ni kwa ajili ya macho ya mama mkwe, na hilo nalo si uongo, maana moshi ulikuwa umemchosha na daktari wa Lugulu alimwambia akae mbali na jiko la kuni. Lakini macho yale yalikuwa yakimsumbua kwa miaka mingi na mimi sikuwa nimeinua hata bisibisi. Nilianza kazi baada ya kusikia maneno matano. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni kwake Bungoma nikichambua mboga bila kutumwa na mtu, naye alikuwa nje na jirani, wakimzungumzia mke wa shemeji yangu.

Alisema, "Huyu ndiye ako na mkono."

Mkono maana yake ni mkono wa kupika busaa, pombe yetu ya nafaka. Katika boma lile hakuna sifa inayoizidi. Mimi nimeolewa na kifungua mimba, huyo mwenzangu ameolewa na mdogo wake, na kwa desturi ya huku tunaitana wake wenza ingawa kila mmoja ana mume wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita katika familia ile, yeye tisa. Mimi naishi Kitale, ambako ni fundi wa maabara katika shule ya upili. Yeye anaishi pale pale bomani, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa mama mkwe, na siku za soko huenda Chwele kuuza maziwa. Ana kicheko cha taratibu ambacho kila mtu hukipenda. Mimi sikukipenda.

Wivu wangu ulikuwa na hesabu zake. Mama mkwe alimwita "mama," kama mtu anavyomwita binti yake wa kumzaa. Mimi aliniita "mwalimu," ingawa sijawahi kufundisha darasa hata siku moja. Nikifika, sauti yake ilikuwa ile ile: "Mwalimu, karibu kiti." Kiti kililetwa, kikapanguswa. Mwenzangu hakupewa kiti, alipewa kisu amenye ndizi. Nani hajui kwamba kiti hupewa mgeni? Miaka kumi na sita nilikaa juu ya kiti kile nikikitamani kile kisu.

Kwa asiyejua busaa, unga wa mahindi huloweshwa ukachachuka, ukakaangwa juu ya bati mpaka pale wapishi wanapojua umefika, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi na kuachwa siku kadhaa. Siku ya kunywa, uji ule mzito humiminwa ndani ya nyungu kubwa. Wazee, wake kwa waume, huizunguka na mirija yao mirefu, na mtu mmoja huwa na kazi ya kuongeza maji ya moto. Maji ya moto yakikatika, mazungumzo nayo hukatika, na wazee huanza kutafuta viatu vyao.

Nyungu ya mama mkwe aliachiwa na mama mkwe wake. Kila Desemba aliitoa kuwakumbuka waliotangulia, mume wake akiwa mmoja wao, na rika lote lililobaki lilikuja. Mwaka ule alitupigia simu mapema kusema magoti yamekataa na macho yamekataa, kwamba atapisha, na jioni ya siku hiyo ataikabidhi nyungu kwa mmoja wetu. Hakusema yupi. Mimi ndiye mke wa kifungua mimba. Kwa haki ilikuwa yangu, nami niliitaka kwa roho yangu yote, ingawa kwetu tulilelewa kwa chai na maandazi na sikujua kupika hata kibuyu kimoja cha busaa.

Ndipo nikafikiria maji. Kukaanga unga singemshinda mwenzangu, lakini maji ya moto yasiyokwisha, yasiyo na moshi, hayo ningeweza.

Pale Kitale kuna duka la vifaa vya stima, na mwenyewe ni mzee wa Kisikh mwenye kilemba, aliyezaliwa ghorofani juu ya duka lile lile. Nilipomwomba koili mbili za kuchemshia maji, zile nene, aliniangalia juu ya miwani.

"Wewe nachemsha nini, mama? Ng'ombe mzima?"

"Maji."

"Maji ya nani hiyo, lita sitini?"

Nilimweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akachukua kalamu akanichorea juu ya katoni. Soketi ya nyumba inabeba koili moja tu ya namna ile. Ukitaka mbili, tumia soketi mbili. Na soketi hizo mbili zisitoke kwenye waya mmoja, la sivyo swichi ya kinga iliyo kwenye boksi la stima itajikata. "Line yake, line yake," alisema, akigonga katoni. "Na bila maji, usiwashe. Dakika mbili, kwisha. Naelewa?"

Niliudhika kuulizwa kama naelewa. Mimi ndiye huwapangia wanafunzi nyaya na betri kila wiki.

Fundi wa jua kali alinitobolea sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu, matundu mawili ya koili karibu na kitako na la tatu la bomba. Mara ya kwanza ilivuja. Mara ya pili ikavuja upande mmoja. Mara ya tatu tulibadilisha washa za mpira, zile pete za kuziba matundu, tukakaza nati, nikaiacha imejaa maji usiku kucha juu ya magazeti, na asubuhi magazeti yalikuwa makavu. Waya wa ardhi niliufunga mwenyewe kwenye mwili wa sufuria, maana hapo sikutaka mzaha. Kila koili nikaipa plagi yake na taa yake ndogo nyekundu.

Halafu, Jumamosi moja nikiwa peke yangu, nilitaka tu kuona kama taa zile zinawaka. Nilichomeka moja sufuria ikiwa tupu. Taa iliwaka vizuri. Nilikuwa bado naitazama niliposikia harufu, na kabla sijafika ukutani koili ilikuwa imekwisha. Nilinunua nyingine kimya kimya. Sikumwambia baba watoto, sikumwambia yule mzee, nilimwambia ni ya rafiki. Nilichukua msumari nikakwaruza mstari ndani ya sufuria juu ya koili, na tangu hapo mkono wangu haukugusa swichi kabla maji hayajaupita mstari ule.

Jaribio la mwisho nilichomeka plagi moja jikoni na ya pili sebuleni. Baada ya saa moja na robo, lita sitini zilikuwa zinatokota. Nilisimama pale nikatabasamu peke yangu, mvuke ukinijaa usoni.

Nilimpigia mama mkwe: "Mama, mwaka huu hakuna moshi." Kisha nikampigia mwenzangu, na hapa sauti yangu ilikuwa tamu kupita kiasi. Nilimwambia asijisumbue kupasua kuni. Kama amekwisha kupasua, awape majirani.

"Zote, dada?"

"Zote."

"Sawa, dada," alisema. Jirani mmoja alikuwa na matanga wiki ile, akampelekea kuni zote. Kuni zilizokwenda matangani hazirudi.

Tulishuka na pikapu ya kukodi, sufuria imefungwa blanketi kama mgonjwa. Tulifika saa nne asubuhi. Busaa ilikuwa tayari, ya mkono wake bila shaka, na harufu yake ilikuwa imejaa boma. Hata mimi nisiyeinywa niliona ni nzuri, na hilo liliniuma.

Niliweka birika langu kwenye baraza ya mama mkwe, nikajaza maji mpaka yakapita mstari wa msumari, nikaendelea kujaza mpaka juu. Plagi moja nikaipitisha dirishani hadi sebuleni, nyingine chumbani. Taa mbili nyekundu ziliwaka. Mama mkwe aliletwa kwenye kiti chake. Mwenzangu alisimama kando, mikono imeshikana juu ya leso, akitazama.

Baada ya kama dakika kumi redio ya sebuleni ilinyamaza. Taa zangu zikazimika. Baba watoto alikwenda kwenye boksi la stima, akainua swichi, redio ikarudi, tukashangilia kidogo. Dakika chache, kimya tena. Kwa hasira nikafungua bomba la sufuria, nikamwaga maji yote nikidhani yanavuja kwenye waya, nikakagua, nikapangusa, nikajaza upya mpaka juu ya mstari, nikawasha. Redio ikanyamaza mara ya tatu.

Ndipo nilipoenda mwenyewe kwenye boksi. Swichi zilikuwa mbili tu, moja ya taa na moja ya soketi. Nyumba nzima, sebule na vyumba, soketi zote zilitoka kwenye waya mmoja. Mzee wa kilemba alikuwa amenichorea kila kitu, nami nilikuwa nimekagua nyumba ya Kitale peke yake. Miaka kumi na sita nimeingia nyumba ile na sijawahi kuinua macho kuangalia boksi lililo juu ya mlango. Kosa kama hilo ni la mgeni.

Kwa koili moja maji yangechemka karibu saa nane. Ilikuwa saa tano imepita, na mzee wa kwanza alikuwa tayari anaingia langoni, mrija wake umefungwa kwenye fimbo. Kuni hazikuwapo.

Mita ya pili ya stima ndani ya boma lile ilikuwa moja tu, nyumbani kwa mwenzangu. Tangu nyumba ile ijengwe sikuwa nimeingia. Nilikuwa nikialikwa chai nasema nimeshiba, nikialikwa tena nasema tunachelewa. Baba watoto, ambaye huwa haoni vitu lakini hilo aliliona, alininong'oneza: "Si uombe hapo kwa mwenzako? Mficha uchi hazai."

"Tutangoja," nilisema.

"Tungoje nini, bana?"

Mama mkwe akageuza uso kuelekea sauti zetu. "Mwalimu, maji iko?"

Niliishika ile plagi ya pili nikavuka uwanja. Hatua kumi na mbili ni chache sana ukiwa na jambo la kusema ambalo hulitaki. Alikuwa mlangoni.

"Naomba stima," nilisema.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kile kicheko. Hakucheka. "Iko nyuma ya kochi," alisema, "lakini friji iko hapo. Ngoja nitoe." Alisukuma kochi mwenyewe, akachomoa friji iliyokuwa na maziwa yake ya kesho, akanyoosha mkono nimpe waya. Nilikuwa na waya mrefu, mnene, na nilimwambia tuukunjue wote, usikae umeviringwa, utapata moto. Tuliunyoosha juu ya uwanja pamoja, yeye akifukuza kuku. Nyumba yake ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, na hata hilo nililiwekea kinyongo.

Saa sita u nusu maji yalitokota. Siku nzima yalitokota. Nilimimina mtungi baada ya mtungi, wazee walivuta mirija na kusimuliana, na hakuna jicho lililotoa chozi la moshi. Mzee mmoja aliuliza, "Hii maji ati inatoka wapi, mbona haiishi?" Mwingine akamjibu, "Inatoka Kitale!" Walicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa na hakika nyungu ni yangu. Nilikuwa nimeshaamua itakaa pembe gani ya sebule yangu.

Saa kumi na moja wageni walipungua. Nyungu ilioshwa, ikafunikwa kwa leso mpya, mama mkwe akatuita sote wawili. Nilikuwa bado nimeshika mtungi wa maji.

"Hii inabaki na huyu," alisema, na mkono wake ukamtafuta mwenzangu ukampata begani. Halafu akaniita nisogee, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. "Wewe uko mbali. Mimi nikisikia kiu Jumanne, nitangojea Krismasi? Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu."

Hakusema neno kuhusu mkono. Miaka yote nilidhani napimwa kwa kitu nisicho nacho, kumbe nilipimwa kwa kilomita. Ningeweza kulia pale pale. Kisha akaongeza, "Na hiyo ya maji pia uiache hapa."

Nikasema sawa, Mama.

Nilimfundisha mwenzangu kabla ya kuondoka. Plagi hii kwa mama, hii kwako. Waya ukunjue wote. Usiguse kwa mikono yenye maji. Huu waya wa kijani usiuondoe hata ukiambiwa na fundi. Aliitikia kila neno. Nilifika kwenye maneno ya mwisho, kwamba asiwashe bila maji, na mdomo wangu ukajifunga. Sikusahau, nisije nikajidanganya. Nilikumbuka vizuri, nikaona ile harufu ya koili ikitokea mikononi mwake, mama mkwe akiuliza ni nani ameharibu kitu cha mwalimu, na nikanyamaza. Nikampa mkono wa kwaheri.

Tulipita Chwele, tukapita Kimilili, nami nilikuwa na furaha mbaya tumboni. Nilijiambia koili kavu haiui mtu, inajiua yenyewe. Tulipofika Kamukuywa nilikuwa nafikiria zile washa za mpira zikiyeyuka, na mama mkwe asiyeona vizuri akiwa karibu. Kiminini nilitoa simu. Nikairudisha kwenye mkoba. Wiki mbili nzima nilikuwa naitoa na kuirudisha.

Yeye ndiye alipiga. Niliona jina lake, nikapokea.

"Dada, jana tulichemsha. Mama alikuwa na wageni wa kanisa, akataka chai ya watu wengi."

"Hakuna kitu imeungua?"

"Iungue aje?"

Nilikaa chini. "Kuna kitu sikukuambia," nilisema. "Si kwamba nilisahau. Usiwahi kuiwasha bila maji. Maji kwanza, mpaka juu ya ule mstari."

Nilisikia kuku wake nyuma ya simu.

"Hiyo najua," alisema. "Si ulijaza mpaka kwa ile alama ya msumari ndio ukaenda kwa swichi? Hata ulipomwaga ukaanza tena, ulifanya hivyo hivyo. Siku hiyo yote mimi nilikuwa naangalia mikono yako."

"Kwa nini?"

"Si ndio nijue, dada. Hiyo ni kazi mzuri."

Aliniambia niwasalimie watoto, akasema anakimbilia maziwa, akakata simu. Nilibaki na simu sikioni. Miaka tisa nilikuwa nimeuonea wivu mkono wa yule mwanamke. Kila Desemba nyingine, tulipokuja siku kadhaa mapema, nimekaa kwenye kiti changu kilichopanguswa, yeye amepiga magoti mbele ya bati akigeuza unga, karibu kiasi kwamba majivu yaliniangukia kwenye viatu, na macho yangu yalikuwa kwa mama mkwe, kuona anamwangalia nani. Mikono ile sikuitazama. Mpaka leo ukiniuliza unga ule hutolewa kwenye bati ukiwa na rangi gani, sijui.